Disketi ya Adrabo

Soka, nimetoka kumzika Adrabo sasa hivi, huku Adumi.

Candiru, mke wake, alinisimamisha mbele ya watu wote. "Huyu Kamisi ndiye alituma kazi ya bwana yangu kwa dunia." Watu wakanipigia makofi. Makofi, Soka, kwenye mazishi.

Unakumbuka programu yake ya kompyuta ya mwaka tisini na nane, ya kuhesabu dawa za kliniki kule Koboko? Aliiandika kwa Pascal, ile lugha ya kompyuta ya kufundishia wanafunzi. Mimi na wewe tulimcheka, tukasema wanaume wanaandika C. Akajibu, "Mgonjwa haulizi dawa ilihesabiwa kwa lugha gani."

Alitaka kuigawa bure, mtu yeyote aichukue, airekebishe. Nilikuwa naenda Kampala, kwenye intaneti, akanipa disketi niitume kwa wale wanaogawa programu zao. Niliona haya kupeleka Pascal. Sikutuma. Nikamwambia nimetuma.

Candiru anasema mumewe alingoja jibu miaka, mpaka akaacha kabisa kuandika. "Alisema hawa watu hawakuona kazi yake kuwa kitu."

Halafu msimamizi wa mazishi akauliza, kama kawaida yetu: "Nani iko na kitu ya marehemu? Aseme sasa, kabla tufunike kaburi."

Disketi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeileta nimpe Candiru. Mfukoni, Soka.

Aliuliza mara tatu.

Nikainama, nikachota udongo, nikatupa kama wengine.