Jina la Kaka

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama na goti la baba limepunguza kelele. Mimi mzima, ila miguu imevimba hadi nakwenda kazini na ndala za mume wangu. Tumbo nalo linafika kwenye cherehani kabla yangu.

Naandika kuhusu jina. Daktari kasema ni wa kiume, na sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anashinda na simu akinisomea maana: Daudi ni mpendwa, Salim ni aliye salama, Yusufu ni Mungu ataongeza. Hilo la mwisho nimelikataa, asije akaongeza kweli. Fundi ninayekaa naye kazini anasema tumwite Mashaka, kwa jinsi alivyonisumbua. Lakini kwetu majina hutoka kwako, Mama. Nipe moja haraka, maana situlii.

Binti yako,
Kiherehere

19 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Sisi hatujambo, na goti bado linamgombeza baba yako. Pole kwa miguu, uwe unaiinua juu ya mto.

Salim ni zuri, na Daudi halina kosa. Ila mimi nataka mtoto umpe jina la kaka yako.

Najua utashtuka. Utaratibu wa nyumba yetu naujua kuliko wewe: mtoto hupewa jina la mtu wetu aliyetangulia, la aliye hai haliguswi. Kaka yako mwenyewe alipewa la mjomba wangu baada ya kumzika. Na huyu wetu, mwaka wa nne sasa, hatumwoni wala hatumsikii. Nimefikiri sana kabla ya kushika kalamu. Mpe hilo.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Afya yangu si mbaya. Barua yako imeninyima raha kabisa. Leo nimeshona mkono wa shati shingoni, fundi mkuu akaniuliza kama nashonea binadamu au pweza.

Mama, umemzika kaka? Nani kakuambia amekufa? Aliondoka na lori, akiwa utingo, hakurudi, basi. Hakuna aliyeona maiti wala kaburi. Kila Jumamosi nakwenda kwenye maegesho ya malori kuwauliza madereva, na tumbo hili hili. Wengine hunicheka, wakidhani namtafuta baba wa mtoto. Sasa nikimpa mwanangu jina lake, nitaendaje tena kumuulizia? Nitakuwa nimeshamtangaza marehemu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimekasirika, na ninaogopa. Usiniombe hilo tena.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Hukuniandikia, habari za kujifungua nimezipata kwa mumeo. Hongera, na pole kwa uchungu. Kaniambia mtoto hana jina mpaka leo, mnamwita Bosi, na kila jina analolitaja yeye wewe unatoka nje. Bosi gani hata shingo haijakaza!

Sijamzika kaka yako. Nikisikia breki za lori barabarani, bado naacha sufuria motoni nikatazame. Lakini tangu aondoke, jina lake limepigwa marufuku humu ndani bila mtu kulipiga marufuku. Nikilitaja, baba yako huchukua kofia akaondoka. Majirani huinamisha macho. Juzi nilijaribu kulisema peke yangu jikoni, nikaona limekuwa geni mdomoni, kama la mtoto wa watu. Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu.

Nataka nilisikie likiitwa kwa kelele: njoo uoge, shuka mezani, nani kavunja kikombe? Nataka watu walicheke, waligombeze. Kaka yako akirudi watakuwa wawili, na mimi nitajua la kufanya. Utaratibu na uniwie radhi. Lakini mtoto ni wako. Ukikataa, sitakununia.

Mama yako

11 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na baba mfikishie yake. Mtoto hajambo, ananyonya kama ana deni na mtu. Mashavu yamejaa.

Jana tulikwenda kumwandikisha. Karani aliuliza jina, mume wangu akanigusa bega, nikalisema. Karani akataka kujua maana yake. Nikamwambia ni la kaka yangu. Akaona inatosha, akaandika.

Jumamosi nitakwenda kwenye malori kama kawaida, yeye mgongoni. Moyo wangu haujatulia, Mama, na sidhani kama utatulia.

Leo asubuhi nilimlaza kitandani, nikamwita jina lake kwa sauti kubwa, kama ulivyotaka. Mtoto akanitazama. Mimi nikageuka kutazama mlangoni.

Binti yako,
Kiherehere