Kitenge Chekundu cha Kilimani

Kalemie, tarehe 9 Novemba

Yaya Déogratias, kaka yangu mupenzi,

Pokea salamu nyingi za hapa ziwani. Huko Kabalo mumeamkaje? Kazi ya gari-moshi bado inakuchosha? Sisi mwili ni muzima. Ni moyo njo hauko sawa. Tangu matanga ya Mama nimeanza barua hii mara nne, nikaichana.

Kazi yangu unaijua: kila asubuhi napanda kilimani kwenye masini ya Profesa ya kupima hewa, nabadilisha karatasi inayokamata uchafu wa hewa, naandika namba kwenye kaye, lile daftari lake. Profesa alinieleza kwamba miti na moshi wa mashamba vinatoa mvuke usioonekana. Hewa ikiwa kavu, mwingi unapita tu. Unyevu ukipanda, maji ya hewani yanaukamata, unageuka chembe ndogo sana zinazoshuka mpaka chini ya kifua. Mama, na kifua chake kile, alicheka, akasema basi masomo hayo yamufae na yeye. Tukapatana: hewa ikiwa mbaya, nitundike kitenge chekundu kwenye uzio wa masini. Akikiona kutoka uwanjani, habanduki nyumbani. Miaka miwili alikitii kuliko munganga.

Siku ile ya Septemba mvua ya kwanza ilikuwa imegusa, na watu bado walikuwa wanachoma majani. Mama akatoka na muke wako Huguette kwenda kukausha samaki, mikebuka, kwa moshi. Saa tano pumzi ikamukatikia. Hatukufika naye hospitali.

Kwenye matanga wakasema ni Huguette, aliwasha kuni mbichi. Maskini, alilia, akaapa kuni zilikuwa kavu, na kwamba Mama alitazama kilimani kwanza kabla ya kutoka. Ukaniita mbele ya wajomba, ukaniuliza masini ilionyesha nini. Nikajibu kwamba hewa ilikuwa safi. Juma lile lile ukamurudisha Huguette kwao Moba.

Yaya, mimi sikupanda siku ile. Nilikuwa nimesuka nywele kwa ajili ya ndoa ya rafiki yangu Lydie, manyunyu yalikuwa yanaanguka, nikaona zitaharibika. Nikajifunika tena shuka kitandani, na kwenye kaye nikaandika namba za jana yake. Kwa sababu ya nywele, Yaya! Nilipokuja kutoa karatasi iliyobaki pale siku ile, ilikuwa na rangi ya chai kavu. Sijawahi kuona vile. Nikaificha.

Sijui kama kitenge kingemuokoa Mama. Najua kwamba alikitafuta.

Profesa nimekwisha kumuambia, na karatasi nimemupa. Sasa bado wewe. Nenda Moba umuombe Huguette musamaha, umusomee barua hii yote, hata akinitukana. Alisema kweli, na mimi nilinyamaza akifunga mizigo yake.

Wajomba wanakusalimia, na Shangazi Agathe anauliza utakuja lini. Mimi bado napanda kila asubuhi. Hewa ikiwa mbaya nakitundika, halafu natazama chini kwenye uwanja wetu, pale Mama alipokuwa anasimama.

Ni mimi mudogo wako, nikingoja neno lako lolote,
Myriam