Nani Anamwambia Mke Wangu Ainame?

Shangazi mpendwa, nishike mkono maana nateleza. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo ya rangi iliyoisha, saa ya kupumzika, wenzangu wamelala kwenye kivuli cha matofali na mimi usingizi umenikimbia tangu nilipoona picha ambayo nitakueleza. Mimi ni mfunga nondo, mjengo upo mbali sana na kwangu, nyumbani nafika likizo kwa likizo, kazi yenyewe ni ya mgongo na koleo, na shule niliiacha njiani kwa hiyo nisamehe nikikosea kuandika, lakini kusoma najua na nilichokisoma nimekisoma.

Shida yangu ni mke wangu na mashine, na mashine hiyo niliileta mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Tulikuwa tunakarabati jengo, kulikuwa na ofisi inahama, wakaacha vitu, msimamizi akasema anayekitaka achukue. Mimi nikaokota kimashine cha kukata karatasi na plastiki zenye gundi, kina kisu kidogo kama jino la panya, unachora kitu kwenye simu nacho kinakata kilekile ulichochora bila mkono wa mtu kugusa. Nikakifunga kwenye blanketi langu, nikakipakata safari nzima kama mtoto mchanga, nikampa mke wangu nikamwambia, "Chukua, kikuondolee upweke." Shangazi, upweke uliondoka kweli, na mimi nikaondoka nao.

Alianza na nyota za karatasi za kuning'iniza dirishani mwaka ulipokuwa unaisha, majirani wakazipenda, mvua zilipoanza akakata miavuli na matone, shule zilipofunguliwa akakata vipepeo na herufi za kubandika darasani, sasa mwaka unaelekea kuisha tena na watu wanamletea foronya na vitambaa vya ukutani awawekee maua na maneno, nyumba nzima imejaa vipande, binti yetu anasema hata kwenye uji ameokota nyota. Mimi sikatai mtu kufanya kazi. Lakini zamani nikipiga simu jioni ilikuwa haiiti mara mbili, anapokea, ananiuliza nimekula nini, mgongo unaendeleaje. Sasa hivi sikiliza.

"Haloo, subiri kidogo, inakata."

"Nini, simu inakata?"

"Siyo simu, mashine. Usiongee kwanza, nitasahau nimefika wapi."

Naambiwa nisiongee, Shangazi, kwa vocha yangu mwenyewe.

Tena kuna mtu. Pale mtaani kwetu kuna kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu, wanamwita Kompyuta, mikono yake ni laini kama ya mtoto wa wiki na anavaa saa pana inayong'aa. Mashine ilikuwa inakataa kuelewana na simu ya mke wangu, basi Kompyuta akaitwa aje kuzipatanisha. Zilipatana, lakini yeye hakuacha kuja. Mara kisu kimekwama, mara karatasi inajikunja, mara anamfundisha kuchora maua. Mimi sikujua mpaka nilipoongea na binti yetu, ambaye ana miaka sita na hajajifunza kuficha.

"Baba, leo Anko Kompyuta amekaa kwenye kiti chako."

"Kiti changu kipi?"

"Kile ulichokataza watu."

"Mama yako akasemaje?"

"Akasema akisogeze, hapati mwanga."

Hapati mwanga! Mimi huku napata jua la utosini tangu asubuhi hakuna anayeniuliza.

Sasa ndiyo nafika kwenye picha. Wiki iliyopita mke wangu alinitumia picha ya meza yetu, chini yake ameandika, "Ona kazi ya leo." Nikaikuza kwa vidole. Katikati ya meza kuna ile mashine, mbele yake kuna plastiki nyekundu imekatwa maneno kwa herufi kubwa, pembeni kuna kikombe, na nyuma ya kikombe kuna kiwiko na mkono wenye saa pana. Na neno lililokatwa, Shangazi, ni INAMA. Sijaongeza wala kupunguza. INAMA. Ile N imekaa vibaya kidogo, kama ya mtu aliyeandika kwa mkono wa kushoto, nikasema moyoni ni mbwembwe za kimapenzi. Chini yake kuna neno jingine, ODNEPU, hilo sikulijali maana herufi zake zimegeuka nyuma, nikajua ni lugha ya waliotengeneza mashine. Lakini INAMA si lugha ya watengeneza mashine. INAMA ni Kiswahili na kila mtu mzima anakijua. Nani anamwambia mke wangu ainame, mezani kwangu, kwa rangi nyekundu, mbele ya kiti changu?

Nilidhani macho yananidanganya, nikampa simu jirani yangu wa kitanda cha juu, tunamwita Zege kwa sababu akikaa mahali haondoki. Nilitaka aangalie kimya kimya. Zege akasoma kwa sauti.

"INAMA! Jamani, njooni muone, shemeji yetu anaambiwa ainame!"

Basi ikawa ndiyo salamu yangu. Kazi ya kufunga nondo bila kuinama haipo, kwa hiyo kila nikikamata waya kuna mtu juu ya jukwaa anapiga kelele, "Inamaaa!" Hata mpishi wetu, mama mtu mzima, akinipakulia anacheka ndani ya kanga yake. Na Zege ananiambia, "Ndugu yangu, ukimpa mke kisu kinachokata chenyewe, usiulize kwa nini umekatwa."

Tangu siku hiyo mke wangu akipiga sipokei. Ameandika, "Upo salama?" Sikujibu. Ameandika tena, "Mtoto anakuuliza." Hilo liliniuma lakini sikujibu. Badala yake nilimpigia kaka yangu mkubwa, nikamwambia aende kwangu achukue ile mashine, ampe mke wangu nauli arudi kwao, na mtoto akae kwa kaka mpaka nitakaporudi. Kaka yangu si mtu wa maswali. Alisema, "Sawa, mwisho wa mwezi nikiazima pikapu ya kazini nakwenda." Nilipokata simu nilijiona mwanamume. Kesho yake nilijiona kama mtu aliyekata nondo fupi, haiungiki na haitupiki.

Nampenda, Shangazi, ndiyo maana naumia, ningekuwa simpendi ningelala kama hawa. Nikifumba macho naona ule mkono wenye saa, mikono yangu mimi imepasuka, hata simu inakataa kidole changu. Niambie, kaka aende au nimzuie? Na nikimzuia, nitaishi vipi na neno lile?

Mfunga nondo, mbali na kwangu

*

Mwanangu mfunga nondo,

Barua yako imeruka foleni. Kuna watu wamengoja nafasi hii kwa muda mrefu na leo nimewaomba radhi, kwa sababu wao hawana kaka mwenye pikapu.

Kabla sijakugombeza, fanya jambo moja. Tafuta karatasi nyembamba, andika INAMA kwa herufi kubwa, uikoleze. Sasa igeuze nyuma, iinue juani, usome kwa upande wa pili. Nitakungoja.

Umesoma nini? AMANI. Sasa fanya hivyo hivyo na lile neno ulilosema ni la watengeneza mashine. Ni UPENDO, mwanangu. Plastiki ya kubandika kwenye kitambaa hukatwa kinyume, upande wa gundi ukiwa juu, halafu hugeuzwa na kupigwa pasi ndipo inasomeka sawa. Mke wako alikuwa anatengeneza foronya ya mtu anayetaka amani na upendo sebuleni kwake. Neno la kwanza likigeuzwa linajifanya neno lingine kamili, la pili likigeuzwa linakuwa takataka. Wewe ukaona takataka ukasema ni ya kigeni, ukaona tusi ukasema ni la kwako. Wivu una macho makali, lakini haujui kusoma.

Pole. Nasema pole ya kweli, si ya mdomoni. Kulala kwenye kitanda cha chuma na kusikia kwa simu kwamba mtu amekalia kiti chako, hilo lingemuuma yeyote. Ila nikuulize, picha ile ulitumiwa na nani? Ulitumiwa na mkeo mwenyewe, akaongeza, "Ona kazi ya leo." Mwenye lake la kuficha hapigi picha. Alikuwa anataka umsifu. Wewe ukachukua kazi yake ukampelekea Zege. Kambi nzima umeiuliza maana ya neno, umeacha kumuuliza aliyelikata. Na wenzako hawakukushauri, walijiburudisha. Siku ni ndefu huko kazini na wewe umewapa kichekesho cha bure.

Kuhusu Kompyuta sitakudanganya. Neno limesafika, yeye sijui. Mkono wenye saa ni wa nani na una nia gani, siwezi kumwapia mtu ambaye sijamwona. Huenda ni fundi tu, huenda anajaribu bahati yake, mafundi wa aina zote mbili wapo. Anayejua ni mkeo, na una haki ya kumuuliza kwa heshima. Una haki pia ya kusema kile kiti kinakuuma. Ni kitu kidogo, ndiyo, na ndoa nyingi zimekwama kwenye vitu vidogo kuliko kiti.

Lakini tuseme Kompyuta asingekuwepo. Bado ungeumia, maana barua yako imeanza kulia kabla hujamtaja, pale ulipoambiwa usiongee kwanza. Ulimpa mkeo mashine ili akungoje vizuri, naye akaitumia kuishi. Hujazoea kungojwa na mtu mwenye kazi. Yeye amezoea. Ukiwa juu ya jukwaa simu ikaita, unapokea? Hupokei, na miaka yote hii hajamtuma kaka yake kuja kukunyang'anya koleo.

Mkeo naye ana lake, na akisoma hapa alisikie. Dada, mume aliye mbali hana mlango wa kubisha, ana simu tu. Mpe saa yake, mashine ikiwa imezimwa, na fundi akija nyumbani wakati mumeo hayupo, mumeo asikie kwako, asisikie kwa mtoto wa miaka sita.

Sasa la kufanya. Mpigie kaka yako leo, kwa mdomo wako, usitume ujumbe, mtu asiye na maswali pia hasomi ujumbe. Mwambie asiende, na mwambie kwamba ulikosea wewe, ili asikae na kinyongo juu ya shemeji yake bila sababu. Kisha mpigie mkeo. Mweleze ulichosoma kwenye picha. Atacheka, tena atacheka sana, mwache amalize. Halafu mwambie habari ya kaka yako na pikapu, yote, pamoja na ile ya mtoto. Usingoje aipate kwa watu. Hapo hatacheka. Atanyamaza, au atasema mambo ambayo hujawahi kuyasikia kwake, na wewe usijitetee, wala usimtaje Kompyuta siku hiyo. Ulitaka kumtoa mtoto mikononi mwake kwa sababu ya foronya. Hilo lina uzito kuliko saa ya mtu yeyote. Kiti na fundi viwe vya siku nyingine, akishakubali kuongea nawe tena. Zege naye mwambie ukweli, acha akucheke mara ya mwisho.

Na likizo ijayo ukae naye mezani. Herufi zikishakatwa kuna kazi ya kung'oa vipande visivyotakiwa kwa ncha ya sindano, kimoja kimoja, ndani ya kila A na kila O. Inachosha macho na haihitaji mikono laini. Mwombe akufundishe.

Sijui gazeti hili litakufikia lini huko uliko. Kama kaka yako bado hajatoka, yeye kwanza, mke baadaye. Kama pikapu imeshaondoka na kaka hapokei akiwa njiani, usipoteze muda naye. Mpigie mkeo, mwambie afunge mlango, na mtu akigonga ajibu kwamba mwenye nyumba ndiye aliyesema ufungwe.