Daraja Ulilolikosa, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Baba hajambo. Mguu humsumbua asubuhi, ila shamba analima. Nyumba tumeijenga upya karibu na shule, palipoinuka, maana ile ya zamani kuta zake zilirudi kuwa matope.

Leo nataka nikueleze habari za daraja.

Siku ile ulikuwepo, lakini sijui ulisikia nini. Ulikuwa kwenye machela, kifua kimekubana, nasi tumesimama ukingoni na hospitali ya Ifakara iko ng'ambo. Daraja la magogo lilikuwa limekwenda na mafuriko. Mzee Salum, yule jirani yetu wa mtoni, mume wa Mwanahawa, mtumbwi wake ulikuwa umefungwa pale pale. Baba alimsihi. Salum akayatazama maji, akatikisa kichwa. "Siwezi, ndugu yangu. Haya yatatumeza sote." Tukangoja maji yapungue. Saa sita mchana ukanishika mkono ukasema, "Felista, nifunike miguu." Nikakufunika. Hukusema tena.

Tangu hapo nikamchukia Salum, na mkewe nikamchukia pamoja naye.

Miezi miwili baadaye alikuja karani kutoka bomani Mahenge. Alituita sote uwanja wa shule, akasema serikali imetenga fedha za dharura kwa ajili ya mafuriko: daraja na barabara vitatengenezwa, na kila nyumba iliyoharibiwa itapewa jembe na mbegu za mpunga. Ila anataka majina, nyumba kwa nyumba. Jumbe akatoa daftari lake. Mama, ungeliona! Kurasa zimegandana kama ugali uliolala, wino wote umekwenda na maji.

"Bila majina sina cha kupeleka bomani," karani akasema.

Wanaume wakaanza kukumbuka, na unawajua. Kila mmoja alikumbuka ndugu zake. Wajane hakuna aliyewataja. Mimi nikakumbuka tulivyokuwa tukipita kijiji chetu chote cha Michenga, wewe mbele na kikapu chako cha ukunga, mimi nyuma, unanionyesha kwa kidevu: "Pale nilizalisha mapacha. Pale mama yao alikuwa mwoga, sasa anao saba." Hakuna mlango nisioujua.

Nikasimama. "Shikamoo, Bwana Karani. Mimi ni mtoto wa mkunga. Nyumba zote nazijua."

Jumbe akakunja uso. Baba akasema, "Mwacheni aseme."

Nikaanzia shuleni, nikateremka. Nilipofika kwetu nikataja jina la Baba, kisha lako. Mdomo ulijiendea wenyewe. Karani akaandika, akauliza, "Yupo hapa?" Nikasema, "Tumemzika." Akakupitishia mstari, taratibu, kama mtu anayeogopa kukuumiza.

Sasa hili lingine naona haya kukuambia. Karani aliponiuliza, "Wamekwisha?" nilijibu, "Wamekwisha." Haikuwa kweli. Ilibaki nyumba moja, ya mwisho kule mtoni, nami niliiruka kwa makusudi.

Mwanahawa alikuwa amekaa nyuma ya watu. Alinyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaanza kwenda zake. Alijua kwa nini. Nikamtazama mgongo wake, na nikakuona wewe, ile siku uliyovuka maji ya kiuno kwenda kumzalisha mtoto wake wa nne, ukarudi unatetemeka na huku unacheka. Karani alikuwa ameshafunga kalamu.

"Bwana Karani," nikasema, "bado nyumba moja." Nikamtaja Salum. Nikamtaja Mwanahawa. Nikawataja watoto wao wote wanne.

Siku chache baadaye Salum alikuja kwa Baba. Alisimama mlangoni. "Niliogopa, ndugu yangu," akasema. "Niliwafikiria wanangu, nikaogopa. Sasa kila nikipita pale ukingoni nawaona mmesimama." Baba alimvutia kigoda. Mimi sikumsamehe siku hiyo, nisikudanganye. Lakini nilipika, na sahani yake sikuipunja kitoweo.

Mbegu zilifika kabla ya mvua. Daraja lilichelewa, unajua mambo ya serikali, hata yakiitwa ya dharura huja yakichechemea. Mwishowe malori yalileta saruji na vyuma, vijana wetu wakapata vibarua, Salum naye akabeba mawe. Sasa limesimama, Mama. Lori linapita juu yake na halitikisiki.

Juma lililopita binti mkubwa wa Mwanahawa alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wewe ungemgeuza kwa mikono yako. Mimi sina mikono yako. Tukamlaza kwenye machela, Baba akashika mbele, Salum nyuma, tukaenda. Katikati ya daraja Baba alisimama, akayatazama maji. Yule binti alikuwa akiugulia, lakini hata Mwanahawa hakumharakisha Baba. Kisha Baba akasema, "Twendeni," tukavuka.

Amejifungua hospitali, mtoto wa kike, wote wawili wazima.

Mwanahawa alitaka mtoto apewe jina lako, lile la nyumbani. Nikakataa. Nikamwambia, "Hilo niachieni, mama. Nitalihitaji mwenyewe." Akanikazia macho, halafu akapiga kigelegele pale pale wodini hadi sista akaja kutunyamazisha. Alikuwa amekwisha elewa. Ndiyo, Mama. Ni mwalimu kutoka Mchombe, mtu mpole, anacheka polepole kama Baba. Posa imeletwa na Baba amepokea. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, nawe umekuwa wa tatu. Nisamehe.

Kwaheri, Mama yangu. Nakuahidi: Mungu akinijalia wa kike, jina lako nitampa yeye. Basi siku moja ukisikia nakuita uwanjani kwa sauti kubwa, uje ule, uje uoge, usihangaike kuamka. Nitakuwa namwita mjukuu wako. Wewe pumzika.

Mwanao,
Felista