Jina Nililolipeleka Shuleni

Jumatatu, 16 Februari 2026

Nimeficha jambo moja kwa wiki tano, na sina wiki nyingi zilizobaki za kulificha. Jina la Gunia, lililomfanya binti yangu Tabby aache kula, halikupelekwa shuleni na mwanafunzi yeyote. Nililipeleka mimi.

Nimeandika, na hakuna kilichoanguka.

Leo shule imemrudisha nyumbani. Ameanguka kwenye paredi ya asubuhi. Wacera, mama yake, ndiye aliyeenda kumchukua. Mimi siwezi hata kushuka hadi kwenye shamba letu la chai pale chini. Tabby ameshuka kwenye pikipiki huku ameshika sketi isimdondoke. Miaka kumi na tano. Januari sketi hiyo hiyo ilikataa kufunga kifungo.

Sasa nyumba hii ina watu wawili wasiokula. Mimi koo limeziba — daktari alisema nirudi nyumbani, ninywe vitu vyepesi, basi. Koo lake yeye ni zima.

Alhamisi, 19 Februari

Sauti leo ni mnong'ono tu. Kuandika ni rahisi kuliko kusema.

Niandike jina lilivyoanza, nisije nikajidanganya. Tabby alikuwa na miaka saba. Tulikuwa kituo cha kupimia majani hapa Kimulot, mvua inanyesha, lori limechelewa. Nilimtia ndani ya gunia la chai, nikalitundika kwenye ndoano ya mizani. Kilo thelathini na moja. Karani, Kipngeno, akapaza sauti: "Mwalimu, hii ni majani mawili na chipukizi, gredi ya kwanza! Kiwanda itafurahi." Watu wakacheka. Tabby alicheka kuliko wote, akabembea, akataka apimwe tena. Tangu siku hiyo nikamwita Gunia langu.

Alipofika gredi ya saba aliniambia taratibu, akiwa ananimiminia chai, "Baba, hiyo jina sasa uwache." Nikaacha. Nilidhani nimeacha.

Leo Wacera alimpeleka zahanati. Muuguzi Cheptoo nilimfundisha hesabu zamani; ametoka mtu mwenye akili. Alisema: asipimwe uzito, asilazimishwe, asisifiwe kwamba amepungua. Mle naye, kitu kimoja, wakati mmoja.

Kwa hivyo jioni Wacera ametuwekea vikombe viwili vya uji wa wimbi, sawasawa. Changu huchukua saa nzima. Tabby alikuwa ananitazama nikimeza.

"Baba, inauma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Si basi uwache."

Nikameza tena. Akanywa mafunda mawili. Mawili si kidogo.

Jumamosi, 21 Februari

Mama Winny alipitia, yule jirani yetu Chepkemboi; Winny wake anasoma na Tabby. Ana roho nzuri, lakini: "Tabby! Kumbe umepungua hivi? Umekuwa smart kama wale wa TV."

Tabby alitabasamu — mara ya kwanza tangu Jumatatu. Wacera akajibu haraka, "Jirani, hapana, hiyo ni ugonjwa." Chepkemboi akadhani ni utani.

Baadaye nikaona kuku wamekusanyika chini ya dirisha la Tabby. Walikuwa wanakunywa uji.

Jumatatu, 23 Februari

Ameongea. Si na mimi. Jikoni, akimsaidia mama yake kuchambua sukuma, na ukuta wetu ni wa mbao.

Kwamba wanamwita Gunia kwenye chumba cha kulia, wanamwita Gunia bwenini. Akipita na sahani mtu anauliza kama gunia limejaa au liongezwe. Siku ya michezo walimwambia asikae kwenye benchi ya mwisho, lori la magunia haliwezi kumfikia huko. Anajitazama kwenye dirisha la maabara na haoni uso, anaona gunia.

"Na ni Winny aliwaambia, Mum. Ni yeye peke yake ametoka huku. Nilikuwa namwambia vitu zangu zote."

"Mtoto wa jirani kweli," Wacera akasema. "Nitaenda kwa mama yake."

Nikagonga sakafu kwa fimbo. Wacera akaja mbio. "Mwalimu, unataka maji?"

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Nikaitikia. Akaniletea maji, nikayanywa.

Miaka thelathini na nne nimewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo mdogo kuliko ule.

Alhamisi, 26 Februari

Likizo fupi. Winny amekuja peke yake, na daftari jipya. Amenakili kwa mkono wake masomo yote yaliyompita Tabby, hata michoro ya baiolojia. Tabby aliposikia sauti yake alifunga mlango wa chumba.

Wacera hakumkaribisha kiti. "Winny, mbona ulimfanyia mwenzako hivi?"

Mtoto akanitazama mimi.

Yeye alikuwepo. Tarehe kumi na mbili Januari, siku ya kuripoti shuleni, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya sare. Tabby alikuwa chumba cha ndani kwa fundi, cherehani zikinguruma, anajaribu sketi. Mama wa stoo akatoka akatangaza kwamba hiyo ndiyo saizi kubwa ya mwisho, na haifungi. Foleni nzima ikageuka, wasichana na wazazi wao. Nami, kwa sauti yangu ile ya paredi, ya wakati nilipokuwa bado nayo: "Huyo ndiye Gunia letu la Kimulot! Gredi ya kwanza!" Wakacheka. Nikacheka nao. Winny peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Leo pia aliangalia viatu. "Pole, Mama Tabby," akasema. Akaweka daftari mezani, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, upate nafuu."

Amebeba kosa langu mbele ya macho yangu, kwa sababu mimi ni mzee na ninakufa. Nami nikamwacha aende nalo hadi getini.

Wacera amesema, "Angalau ameomba msamaha."

Ijumaa, 27 Februari

Sauti imekwisha kabisa. Hata mnong'ono hautoki. Nilingoja mno.

Asubuhi hii Tabby ameleta vikombe viwili mwenyewe, mama yake akiwa kwenye chai. Ameketi kando ya kitanda. Tumenywa. Alifika nusu, na sikutaka kuiharibu ile nusu. Lakini kesho kutwa Winny anarudi shuleni.

Nilikuwa na karatasi moja. Nikaandika: Si Winny. Ni mimi, siku ya sare, ulipokuwa kwa fundi. Yeye alisikia akanificha.

Amesoma mara mbili. "Wewe, Baba?"

Nikaitikia.

"Na jana alikuwa anajua? Alisimama hapo akijua?"

Nikaitikia.

Ameweka kikombe chake sakafuni. Nilidhani atatoka. Hajatoka. Uji umeanza kushika ngozi juu. Amekunja ile karatasi ndogo, ndogo zaidi, akaificha kwenye kiganja.

"Kwa nini?"

Nimeanza kuandika hapa kwamba ulikuwa mzaha wa nyumbani. ~~Ulikuwa mzaha.~~ Nimekata. Anaitazama kalamu. Karatasi nyingine sina, kwa hivyo nitamgeuzia daftari hili, asome:

Wale wasichana walikuwa wembamba, na baba zao walikuwa wananitazama. Nilicheka kabla hawajacheka. Niliona aibu, mama, kwamba wewe ni mtoto wangu.