Sauti Yako Niliyoifuta

Mama yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikifika mahali pa kukwambia nilichokifanya, mkono unakataa. Leo natanguliza hilo, mengine yafuate. Mama, nilikufuta. Nilisimama mbele ya kibanda cha fundi wa simu hapa Ujiji, akaniuliza mara mbili, nami kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Futa tu."

Najua ulipotuacha hakukuwa na mambo haya, basi nikueleze taratibu.

Unakumbuka siku kwaya yenu iliporekodi kule kwenye kambi ya wakimbizi? Kanisa lilikuwa la miti na turubai, na fundi Bitondo alileta kompyuta yake akaiunga kwenye betri ya gari. Maikrofoni aliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya katikati. Mlifanya mazoezi wiki nzima. Jioni ukipepeta mchele ulikuwa unaimba kipande chako cha kuanzisha, unakosea, unarudia, mpaka jirani wa mstari wa pili akawa anakuitikia kutoka mlangoni kwake. Mwaka uliofuata homa ikakuchukua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Sadiki alikuwa hajatimiza mitatu. Baba tulikuwa tumeshamzika ng'ambo kabla hatujavuka ziwa. Tukabaki mimi na yeye, na mjomba.

Bitondo alinihurumia. Baadaye, simu ndogo zilipoanza kuingia kambini, aliniwekea nyimbo zenu zote kumi na moja kwenye memori kadi, kitu kidogo kama ukucha. Akaniambia, "Shika. Mama yako huyu hapa." Nikamlea Sadiki na kadi ile. Hakukumbuka uso wako, Mama, nisikudanganye. Picha hatukuwa nayo hata moja. Alikujua kwa sikio tu. Kwaya ikianza alikuwa ananiuliza, "Mama ni yupi?" nami namwambia, "Huyu anayetangulia peke yake." Anakaa kimya kabisa, halafu wengine wakiingia anakasirika, anasema wamemfunika Mama.

Mjomba alipopata nafasi ya kupelekwa nchi za mbali na familia yake, Sadiki alikwenda naye. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na Bukuru, Mha wa hapa Rusimbi, mtu mpole, fundi wa injini za boti. Nikabaki. Nyimbo Sadiki aliondoka nazo kwenye simu, na simu ile ikaja ikaibwa huko huko. Hakuhangaika sana, maana mwalimu wenu wa kwaya, ambaye naye alikuwa amehamia ughaibuni, alikuwa ameziweka zote mtandaoni, kwenye programu moja ya muziki. Unafungua simu, unaandika jina la kwaya, na wewe Mama unaimba. Sadiki alifurahi mno. "Dada," aliniambia, "hizo kadi ni za zamani, zinaharibika. Mama yuko juu kule, hapotei tena. Hata ukiwa sokoni unaweza kumsikia."

Kweli nilikusikia sokoni. Pale Katonga ninapouza dagaa na migebuka, niliweka bando na kukusikiliza mchana watu wakipungua. Nikazoea. Ndiyo maana binti yangu alipoolewa, picha za harusi zikakosa mahali pa kukaa, nikaitoa ile kadi. Fundi alitazama akasema, "Mama, humu kuna nyimbo kumi na moja. Nazifuta?" Nikamwambia ziko mtandaoni. Akauliza tena, "Zote?" Ndipo nikasema neno lile.

Ikapita miezi, sijui mingapi. Siku moja saa sita mchana nimeinama napima dagaa, simu ikalia.

"Dada, Mama hayupo."

Nilifikiri ana homa, anaweweseka. "Sadiki, mdogo wangu, unasema nini?"

"Kwaya haipo. Nimetafuta tangu asubuhi. Imetolewa. Zote kumi na moja."

Tulikuja kujua kwamba kwaya iligawanyika huko ughaibuni. Kila upande ulidai kuwa nyimbo ni zake, na wenye programu walipochoshwa na malalamiko wakaziondoa. Hakuna aliyetuuliza. Tungeulizwa kwa lipi? Sisi tulikuwa wasikilizaji tu. Nilidhani nina kitu, kumbe nilikuwa nimekiazima.

Halafu Sadiki akaongeza. "Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Nilitaka mtoto akija amsikie bibi yake. Lakini wewe kadi unayo, si ndiyo?"

Mama, nilidanganya. Nilisema, "Ninayo."

Tangu saa ile hofu ikahamia ndani mwangu. Simu ikilia nashtuka. Nilikuwa nasahau chenji, nasahau chungu motoni. Kibaya zaidi ni kilichonipata siku ya tatu, nikiosha vyombo. Nilijaribu kukukumbuka ukianza ule wimbo wa kwanza. Maneno yakaja, na mahali unapovuta pumzi nikapakumbuka, lakini sauti iliyokuja ilikuwa yangu. Nikajaribu tena. Yangu. Nikaziba masikio kwa mikono yenye sabuni, nikajaribu tena, na wewe hukuja. Bukuru alinikuta nimekaa chini jikoni. Nilimweleza yote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kuna mtu anayo. Nyimbo za watu wengi hazikai kwa mtu mmoja."

Bitondo alikuwa amerudi Kongo, na namba yake haipatikani. Niliuliza wanakwaya wawili walio hapa mjini, wakasema nao walikuwa wanasikiliza mtandaoni. Kila aliyenijibu hivyo alinizidishia baridi. Ndipo mmoja akamtaja rafiki yako, Mama Wilondja. Yuko Ilagala, kwa mwanawe mvuvi, hana simu, ila watu walimsikia akicheza nyimbo za kwaya kwenye redio ya flashi akianika dagaa.

Mvua zilikuwa zimekata barabara. Bukuru akasema, "Ngoja ikauke." Nilimwangalia, akaelewa. Akanitafutia boti ya mizigo pale Katonga.

Sikuwa nimekanyaga chombo cha majini tangu tulipovuka na wewe. Wenzangu wanauza samaki wa ziwa hili miaka yote nami nauza, lakini mimi samaki nawapokelea mchangani. Nilikaa juu ya kreti za soda, nikashika kamba. Tulipotoka kwenye ghuba upepo ukatupiga ubavuni, maji yakaingia, watu wakaanza kuita majina ya Mungu kila mmoja kwa dini yake. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu alinyanyua mtoto wake juu ya kichwa. Nikawa mtoto tena, na mkono wako ulikuwa shingoni mwangu. Ulikuwa unaniambia, "Usiangalie mayi, Furaha. Uniangalie miye." Maneno nayakumbuka, hata ulivyoyaita maji "mayi". Ila hata pale, Mama, katikati ya maji, nilipokutaka kuliko siku zote, niliyasikia bila sauti, kama maandishi. Nililia mpaka nahodha akaniambia, "Mama, tulia, tunafika." Hakujua ninacholilia.

Mama Wilondja amezeeka, lakini macho yake makali. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?" Kabla sijajibu akashika mashavu yangu. "Ee! Pua ya mwenzangu hii. Furaha!"

Nilipomweleza nilichofuata, uso ukamwanguka. Alileta redio yake. Akachomeka flashi, taa nyekundu ikawaka, ikazima. Akachomoa, akaifuta kwenye kanga, akachomeka tena. Kimya. "Ina miezi miwili hivi imekataa," alisema. "Siku moja ilinyeshewa. Nimeiweka kwenye mchele nikidhani itapona. Sikuwa na roho ya kuitupa, mwanangu. Nyie mnaishi huku na huku, mimi wenzangu wote wamo humu."

Aliivisha nailoni tatu akaifunga kwa uzi, nikaitia kifuani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naishika kujua kama ipo. Ziwa lilikuwa limetulia kama mchuzi uliopoa, nami niliogopa kuliko wakati wa kwenda, maana sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Kibanda cha fundi ni kile kile. Alipochomeka flashi kwenye kompyuta, kioo kikaandika maneno. Nikamuuliza yanasemaje. Akasema, "Inaomba iformatiwe kwanza, ndiyo ifunguke." Nikauliza maana yake. Akasema, "Kusafishwa yote." Vidole vyake vilikuwa juu ya kitufe. Mama, nilimrukia yule baba wa watu nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikapiga kelele, "Usibonyeze! Usibonyeze!" Watu wa kibanda cha pili wakaja kuona kuna nini. Fundi hakukasirika. Alinipa kigoda. "Sikubonyeza, mama. Nitajaribu kuvuta kilichobaki. Niachie siku mbili."

Siku mbili zile sitaki kuzisimulia.

Alipata nyimbo nne kati ya kumi na moja. Ule wako wa kwanza ulikuwepo, ila umekatika, unaanza ubeti wa pili wengine wameshaingia. Nilikuinamia kwenye spika. Nilikusikia kwa mbali chini ya wenzako, kama mtu aliye chumba cha pili. Nikasema moyoni, basi, ndiyo hiki nilichobakiza.

"Kuna faili jingine," fundi akasema. "Refu. Sijui ni wimbo gani, mwanzoni ni watu wanaongea tu." Kumbe Mama Wilondja alipopakiliwa na Bitondo, alipakiliwa kila kilichokuwa kwenye kompyuta, hata mazoezi. Siku ya kurekodi sisi watoto wakubwa tulitolewa nje ya kanisa tusilete fujo, kwa hiyo haya sikuyajua mpaka pale kibandani.

Anasikika Bitondo, "Mama Furaha, uko tayari?"

Na wewe, karibu kabisa na maikrofoni: "Bado. Mungoje kidogo. Magoti yanacheza."

Watu wanacheka. Mama Wilondja anakuuliza unaogopa nini. Unasema, "Naogopa kila kitu. Na hii mashine naiogopa." Halafu mtoto anaanza kulia. Analia kwelikweli, Bitondo anaguna, mtu anasema atolewe nje. Unasema, "Hapana, munipe." Kinasikika kitambaa, pumzi yako, kilio kinakuja karibu. Ndipo unaanza kuimba, peke yako, hakuna aliyekufunika, ubeti wa kwanza wote.

Sikulituma faili lile. Nilimpigia Sadiki kwanza, nikamwambia ukweli: kadi nilifuta, nikadanganya, nimekwenda Ilagala kwa boti, nimepata nne na kipande cha mazoezi. Nilikuwa nimejikunja nikingoja anitukane. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, niwekee hapo kwenye simu nisikie."

Nikaweka simu kwenye spika ya fundi. Ikaenda yote. Ilipokwisha nikasikia anavuta kamasi.

"Yule mtoto anayelia," akauliza, "ni wa nani?"

"Ni wewe, Sadiki."

Nilidhani salio limekwisha.

"Alipoanza kuimba," akasema, "nilinyamaza."

Ndiyo, Mama. Alinyamaza.

Mjukuu wako amezaliwa, wa kike, amepewa jina lako. Mazoezi yale sasa yapo kwa Sadiki, yapo kwenye simu ya Bukuru, na Mama Wilondja nimempelekea flashi mpya. Yapo hata mtandaoni, lakini sitegemei tena huko pekee. Na bado naogopa. Radi ikipiga nachomoa waya zote. Kila Jumapili baada ya ibada nafungua kila nakala kuona kama inaimba, na kila nikibonyeza, kabla haijaanza, kuna kimya kifupi ambacho moyo wangu haujakizoea. Hofu hiyo sidhani itaniisha. Ila sasa najua nimeirithi kwa nani, na kwamba mwenyewe aliimba nayo.

Pumzika, Mama. Nikikosa tena, nitakuandikia.

Mwanao wa kwanza,
dada yake Sadiki