Jina Uliloondoka Nalo, Sista

Mpendwa Sista uliyempokea mwanangu,

Jina la binti yangu lilipotea Jumanne, saa nne asubuhi, katika mwaka wa pili wa serikali ya wanajeshi. Baba yake alilileta mwenyewe hadi barazani mwa wodi ya wazazi, pale hospitali ya Lubaga, akakukabidhi wewe, kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa kuingia na mimi nilikuwa sijazinduka baada ya kupasuliwa. Kesho yake askari walimchukua kazini kwake, kwenye gereji ya polisi. Jina lile walilijua watu wawili tu. Mmoja hatujui alikotupwa. Wa pili ni wewe.

Unaikumbuka karatasi yako ukutani? Majina thelathini na mawili ya wasichana, ya huko kwenu Ayalandi, na kando ya kila moja maana yake, kwa Kiswahili ulichojifunza kwa wake za polisi. Brigid, nguvu. Aisling, ndoto. Nuala, mwenye mabega meupe. Hapo Mama Zawadi, yule Mkongomani wa kitanda cha kando yangu, alikufunulia mtoto wake.

"Sista, mabega ya huyu umeyaona? Tafuta lingine."

"Kuna Maeve," ukasema. "Maana yake, anayelevya."

"Hilo mpe mke wa mwenye baa, kitanda cha tatu."

Ulicheka hadi ukashika ubavu. Mimi nilikuwa na nyuzi kumi na nne tumboni, nikakuomba unyamaze nisije nikapasuka.

Lakini karatasi ile haikuwa ya mchezo, na sote tulijua. Askari walikuwa wamekuja mara tatu kupekua rejista ya wodi. Siku zile jina lilitosha kuonyesha mtu ametoka wapi, na sisi wa kaskazini, ambao ndio waliokuwa wakikamatwa, tulishajua mwisho wake. Basi kwenye rejista ukaandika majina ya kwenu, yasiyo na kabila lolote ambalo askari angelijua. Majina ya kweli ukayatia kwenye daftari dogo la jalada la buluu, ukalificha mfukoni mwa aproni. "Hapa nayatunza tu," ulituambia. "Siku moja mtakuja kuyachukua." Wenzangu hawakupoteza kitu, maana majina ya watoto wao walikuwa nayo kichwani. Langu mimi lilikuwa daftarini peke yake.

Nilikuuliza, na hili huwezi kulikana. Siku ya tatu nilikuuliza, siku ya tano nikakuuliza tena. Ukaniwekea mkono kwenye paji la uso, ukasema, "Una homa, mama. Unaweweseka, unataja watu. Vitanda viwili kutoka hapa amelala mke wa kapteni. Usichokijua hakiwezi kukutoka." Nikakuuliza, basi huyu umemwandika nani? "Sorcha," ukasema. "Maana yake mwanga. Nimechagua linalobeba kitu kilekile alichokisema baba yake."

Siku ya tisa uliniamsha saa ya chai. Mama Zawadi, aliyekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa amesikia sokoni kwamba nyumba yetu ya kota ilikuwa imevunjwa mlango, na wanaume wawili walikuwa wamekaa ndani wakinisubiri. Mkanitoa kwa mlango wa jikoni, yeye akanipeleka kwake Bukoto. Pale mlangoni, Sista, nilikuwa na nafasi ya kukuomba jambo moja. Nikaomba vitambaa vinne vya kumfungia mtoto. Ulirudi mbio ukaleta sita. Sikuomba jina. Nimekulaumu miaka saba, lakini jambo hili ni langu, na silipunguzi.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimfunua mtoto.

"Jina yake nani?"

"Sorcha."

"Hiyo kabila gani?"

"Ya kanisa, afande."

Akamtazama, akanitazama, akasema, "Pita." Kwa hiyo najua jina lako lilifanya kazi. Nakushukuru kwa hilo, na neno hilo sitalirudia, maana leo sikuandika kushukuru.

Niliporudi Lubaga baada ya wiki tano nilikuta sista mwingine. Aliniambia serikali iliwafukuza ninyi wageni, mkapewa siku chache za kufunga mizigo. Daftari hakuwahi kulisikia. Karatasi ya ukutani alinionyesha: alikuwa ameigeuza, nyuma yake ameandika zamu za wauguzi.

Nilianza na cherehani ya kuazima kwa Mama Zawadi. Leo ninazo mbili zangu, nashona sare za shule hapa Wandegeya, na kipimo changu hakikosei hata robo inchi. Naweza kukuambia mkono wa mtoto wa miaka saba una inchi ngapi. Siwezi kukuambia wangu anaitwa nani. Juzi alirudi shuleni amenuna. Mwalimu alimuuliza jina lake lina maana gani, akajibu mwanga, mwalimu akamtania, "Mwanga upi, wa jua au wa taa?" Akaja kuniuliza. Nilikuwa na pini mdomoni, nikajifanya siwezi kusema.

Sasa yule mtawala wa kijeshi amekimbia, na watu wa mume wangu wanataka kumfanyia matanga ya mwisho, ingawa hakuna mwili. Kwao, siku hiyo kila mtoto wa marehemu huitwa mbele ya ukoo kwa jina alilopewa na baba yake, naye huitika. Shemeji yangu ameniambia, "Shemeji, mwite lolote. Nani atajua?" Nitajua mimi. Mtu aliyepita vizuizi viwili ili alete neno moja, sitampachikia neno la kwangu.

Nakala ya barua hii inakwenda kwa masista wenzako huko kwenu, nyingine naitoa isomwe na yeyote anayekufahamu. Nakuuliza mambo mawili. Daftari uliondoka nalo, au ulilichoma? Na baba yake alisema jina gani, lile alilolisema, si lile linalofanana nalo? Kama umesahau, andika kwamba umesahau. Kama habari ya mwanga uliitunga ili nilale, andika hivyo pia, nitaimeza.

Tunapanda basi la kaskazini Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, saa moja asubuhi. Nijibu kabla ya hapo. Telegramu ya neno moja inatosha. Watakapomwita, nataka mwanangu aitike.

Ni mimi wa kitanda cha saba,
Mama Sorcha, mpaka utakaponijibu.